Karanga za Shavuni na Mashine ya Kifafa

Mpaka leo nikipita sokoni Butembo kuna mama mmoja wa vitenge ambaye, akiniona tu, anaanza kutafuna hewa polepole, macho juu kama mbuzi aliyeshiba, na jirani yake wa meza ya pili anamjibu kwa mlio wa alarme, king'ora cha hatari, "wii, wii, wii," halafu wanashikana mabega kwa kicheko, na mimi nacheka nao, nitafanya nini, ni kweli, ni mimi niliyelifunga soko zima katikati ya vita kwa sababu ya karanga. Hiyo ndiyo aibu ninayoikubali bila shida. Ipo nyingine, ya saa ileile, ambayo hao wamama hawanitanii nayo hata siku moja. Nitaifikia, msinikimbize.

Mimi ni Kambale, na wakati ule nilikuwa fundi wa redio. Waasi walikuwa wameushika mji, umeme ni wa groupe tu (jenereta, mnaita nyinyi), barabara ya kusini kupitia Alimbongo ilikuwa inafunguka na kufungika kama mlango usio na kitasa, na bado watu walikuwa wanalima, wanauza, wanaoa. Dokta Kahindo, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuthubutu kuipinga, alikuwa na kituo chake cha afya nyuma ya soko, na wagonjwa wengi wa kifafa walikuwa wanamfuata pale kutoka mbali, wengine kwa miguu kutoka Manguredjipa, siku tatu za matope. Mgeni mmoja, kabla vita havijamfukuza, alimwachia kisanduku cha kupima mawimbi ya ubongo pamoja na kompyuta. Unabandika nyaya kichwani kwa mafuta mazito, ubongo unatoa umeme kidogo sana, kisanduku kinaukuza, na mistari inatembea kwenye kioo. Mgonjwa wa kifafa, hata kama hajaanguka siku hiyo, mara nyingine ubongo wake unatoa ncha kali kwenye ile mistari, na aliyesoma anaiona.

Mais (lakini, kwenu) aliyesoma alikuwa mmoja, naye alikuwa pia anazalisha wamama na kushona majeraha ya risasi. Kwa hiyo Dokta akaniuliza kama kompyuta haiwezi kufundishwa kusoma. Nikasema inaweza. (Nilikuwa na umri ule ambao mtu anasema inaweza kabla swali halijaisha.) Nikaiandikia programu: mstari ukipanda ghafla na kushuka ghafla, hesabu, ukihesabu nyingi kwa mfululizo, paka wekundu, piga alarme. Mwezi mzima nililala na programu ile kichwani, na ilipoanza kupaka wekundu nilijiona mimi ndiye mwanaume mwenye akili kuliko wote kati ya Lubero na Beni. Tukawapima wagonjwa wetu, karatasi zikatoka nyekundu, Dokta akapandisha dawa kwa wale waliotoka nyekundu zaidi, na mimi nilikuwa ninawaambia watu kwenye bistro, penye pombe, "Binadamu anachoka, mashine hapana."

Sasa Komanda wa mji akaisikia sifa ya ile groupe iliyoiendesha mashine yetu. Aliitaka kwa bureau yake, ofisi ya mawasiliano. Dokta hakubishana naye, alimwambia tu, "Komanda, kwanza ukuje uone kazi yake. Ukiona haina faida, ubebe." Akakubali. Tukapanga saa sita mchana, siku ya soko, katika salle, ukumbi wa kituo, na kwa kuwa hatukuwa na mgonjwa wa kumfanya maonyesho kama mnyama wa sarakasi, nikajitolea kichwa changu mwenyewe: kichwa cha mtu asiyeumwa, mashine itanyamaza, watu watapiga makofi. Na ili watu wasikie vizuri, nikaazima haut-parleur (spika kubwa) ya paroisse, ya parokia, nikaipandisha juu ya paa, nikaunganisha humo sauti ya kompyuta na mikro ya kusemea pia. Wazo langu. Hakuna aliyeniomba.

Halafu nikamwalika Papa Paluku. Huyu alikuwa baba wa Katungu, msichana niliyetaka kumuoa, mzee wa duka dogo huko Bungulu, Beni, mtu wa kofia na wa maneno machache, ambaye hakuwa bado amesema ndiyo wala hapana. Nilitaka aone mkwe gani anapata.

Asubuhi ile sikula kitu kwa haraka. Nilipokwisha kujibandika nyaya zote na kukaa kwenye kiti, tumbo likaanza kulia, na pale mezani kulikuwa na karanga za kukaanga alizoacha muuguzi, nikatupa kinywani konzi nzima. Uamuzi mdogo, mnaona. Konzi moja. Ndipo mlango ukafunguka na nani akaingia kabla ya saa yake? Papa Paluku, kofia mkononi.

"Kambale, mutoto wangu. Habari ya kazi?"

Mngefanya nini? Kutema karanga mbele ya baba wa msichana haiwezekani. Kumjibu na mdomo umejaa haiwezekani. Nikazisukuma zote shavuni kwa ulimi, nikajibu "Muzuri, Papa," nikitabasamu upande mmoja, na nyuma yake wakaanza kuingia wengine: Komanda na walinzi wake wanne wenye bunduki, masista, wafanyabiashara, wamama wa soko waliofunga meza kwa dakika tano tu, na kwenye benchi la ukutani wagonjwa wetu wenyewe, ambao Dokta alitaka wawe na haki ya kuona. Salle ikajaa mpaka madirishani. Karanga bado shavuni.

Nikashika mikro, nikaeleza kwa kifupi (kwa shavu moja), nikasema mashine haidanganyi, nikasikia sauti yangu inapaa juu ya mabati ya mji mzima, tamu sana, nikabonyeza kitufe. Mistari ikaanza kutembea, safi, laini. Watu wakasema "Eee." Na mimi, kwa kuwa sasa wote walikuwa wanakitazama kioo na siyo mimi, nikaona ni nafasi nzuri ya kuzitafuna zile karanga polepole na kuzimeza.

Nilitafuna mara moja. Mistari ikasimama wima kama nywele za paka. Nikatafuna mara ya pili, kioo kikawa chekundu chote, na juu ya paa haut-parleur ya paroisse ikalia, "Wii! Wii! Wii!"

Mnajua mji ulio katika vita unasikiaje alarme. Hakuna anayeuliza. Sokoni mtu mmoja alipiga kelele, "Banakuja!" (wanakuja), na hiyo ilitosha: niliyasikia mabati ya maduka yakishuka moja baada ya jingine, gra, gra, gra, na miguu, miguu mingi, watu wakiteremka bondeni na magunia na kuku na watoto. Ndani ya salle walinzi wa Komanda walilala chini, bunduki nne zikaielekea kompyuta. Nikataka kusema hapana, tulieni, ni makosa. Nikafungua mdomo. Kusema ni kutafuna pia: mashine ikalia zaidi. Na kilichotoka mdomoni siyo maneno, ni zile karanga zilizosagika, nyeupe, zinatiririka kwenye kidevu.

"Povu!" akapiga kelele mama mmoja. "Kambale anaanguka! Mumushike! Mulete kijiko!"

Walinishika. Watu sita au saba, wema wote, mmoja miguu, mmoja kichwa, mmoja ananisukumia kijiko cha bati kati ya meno (jambo ambalo Dokta anawakataza watu kila siku), na kadiri nilivyojitupa ili waniachie ndivyo walivyokuwa na hakika zaidi. Dokta alikuwa anasukuma watu kutoka upande wa pili. Mpaka leo sijui nilipataje nguvu, lakini nilikitema kile kijiko, nikasimama, nyaya zinaning'inia usoni kama mizizi, mikro bado mkononi, nikapiga kelele:

"Niko muzima! Mimi hapana mugonjwa! Mimi siko kama bale!"

Na kidole changu kilikuwa kinaonyesha benchi.

Hiyo ndiyo aibu ya pili. Mikro ilikuwa wazi. Neno lile lilitoka juu ya paa, likapita soko tupu, likaenda. Kwenye benchi, Masika aliyaangalia magoti yake. Masika alikuwa mama kijana kutoka Manguredjipa, mume wake anachimba dhahabu huko, na familia ya mume ilikuwa imemnyang'anya mtoto wake wa kike wa miaka miwili kwa kusema kifafa kinaambukiza kwa mate. Hakulia. Alichukua kitenge chake akajifunika mabega, kama mtu aliyesikia baridi.

Komanda alisimama, akajipangusa vumbi magotini. "Ni hii ndiyo mashine yenyewe? Inaita mugonjwa mutu muzima, na inakimbiza mji yangu? Dokta, ninakupa juma moja. Kisha ninabeba groupe."

Na Papa Paluku akanikaribia, akasema kwa upole ulioniumiza kuliko kama angenipiga, "Kambale, ungetuambia. Ugonjwa hapana zambi. Mais kuficha, ile ni zambi." Akavaa kofia, akarudi Beni.

Nilipobaki na Dokta peke yetu, alikaa chini na kucheka mpaka akatoa leso. Halafu akaacha ghafla.

"Kompyuta imeandika yote?"

"Yote, Dokta. Mpaka kijiko."

"Fungua."

Tukatazama. Misuli ya taya, ile unayoisikia ukiweka vidole kwenye panda za uso na kuuma meno, iko chini kabisa ya nyaya, nayo inatoa umeme mkubwa kuliko ubongo. Programu yangu haikuwa inasoma ubongo. Ilikuwa inasoma kinywa. Dokta alikwenda kabatini, akaleta karatasi nyekundu kuliko zote. Ilikuwa ya Masika. Kwa ajili ya karatasi ile dawa yake ilikuwa imepandishwa mpaka akawa analala mchana kutwa, na bado anaanguka. Na kwa ajili ya karatasi ile familia ya mume ilisema, mnaona, hata hospitali inakubali hafai kushika mtoto.

Karanga zilikuwa mchezo. Hii haikuwa mchezo.

Kesho yake nikamtafuta nyuma ya jiko la kituo, alikuwa anachambua maharagwe. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia kwenye kazi. "Mama Masika, siku ile tulikupima, ulikuwa unafanya nini na mudomo?"

Akaweka maharagwe chini. "Nilikuwa nasali rozari. Mulinifunga nyaya kichwani, hakuna mutu alinielezea kitu. Weye ungefanya nini?"

"Ningesali."

"Basi." Akarudia maharagwe yake. Halafu, bila kuinua kichwa: "Na ile neno ulisema, ulikuwa umeifikiria tangu zamani, ao ilitoka tu?"

Ningeweza kusema ilitoka tu. "Ilikuwa mule ndani, Mama," nikasema. "Sikujua iko mule. Munisamehe."

"Unaniomba samahani hapa jikoni," akasema Masika. "Kule ulisema na haut-parleur."

Alikuwa na haki.

Juma lile nilifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Nilijibandika nyaya nikatafuna karanga, muhogo, miwa. Nikafumba macho na kufumbua, nikapiga miayo, nikaimba, nikasali rozari nzima (muuguzi alidhani nimepata wito), na kila kimoja nikakihifadhi kwenye kompyuta na jina lake. Na ile rekodi ya aibu, kijiko na yote, ndiyo iliyokuwa na faida kuliko zote, kwa sababu hakuna mtu duniani angekubali kuigiza vile. Jioni Dokta alikuwa ananifundisha jicho lake: umeme wa misuli ni wa harakaharaka, umesimama kama brashi, unapiga panda zote mbili kwa pamoja, ncha ya kifafa ni moja, kali, na nyuma yake linafuata wimbi la polepole, na inapenda kurudi mahali palepale. Nikaiandikia mashine hayo yote. Kwanza ichuje brashi. Kisha iulize: kuna wimbi nyuma? Ni upande gani? Imerudi?

Nilipoipitisha rekodi ya Masika, wekundu ukaondoka kurasa kwa kurasa kama matope yanayooshwa, na chini yake, upande wa kushoto, juu kidogo ya sikio, pakabaki alama chache ndogo ambazo zamani zilikuwa zimezikwa na Salamu Maria. Ncha, wimbi. Ncha, wimbi. Palepale. Dokta alizifuata kwa kidole, akaniambia, "Inaanzia fasi moja tu, palepale. Tulikuwa tunamupa dawa isiyo yake."

Siku ya juma kutimia watu walikuja mara mbili ya zamani (sijidanganyi, walikuja kuniona ninaanguka tena). Nikashika mikro. Nikasema juma lililopita nilisema mbele ya mji mzima kwamba mimi si kama wale walioko kwenye benchi. Nikasema neno lile lilikuwa baya na la uongo, kwa sababu ubongo wangu unatoa umeme kama wao, na kwamba karatasi mbaya iliyowaumiza ilitoka mkononi mwangu, siyo kichwani mwao. Nikawaomba samahani mmoja mmoja, kwa majina waliyoniruhusu kuyataja. Na kwa haut-parleur ya juu ya paa mji wote ulisikia.

Nikakaa kwenye kiti ili nibandike nyaya. Masika akasimama.

"Hapana weye," akasema. "Mimi."

Dokta akamtazama, Masika akaitika kwa kichwa, akakaa, nikambandika nyaya nikimweleza kila moja kazi yake, kama nilivyotakiwa kufanya tangu mwanzo. Akatoa rozari yake, akavuta mikro karibu, akaanza kusali kwa sauti. Nilibonyeza kitufe na kufumba jicho moja. Mistari ikasimama wima, brashi tupu, na mashine ikanyamaza. Salamu Maria ya kwanza, kimya. Ya pili, wamama wa soko wakaanza kumwitikia. Ya tano salle nzima ilikuwa inasali, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja (hawa wa mwisho waligundua baadaye), na mashine kimya. Halafu, katikati ya neno, ikasema mara moja tu, kwa sauti ndogo niliyoiwekea safari hii: "Ti."

Komanda akainama mpaka pua ikagusa kioo. "Ni meno?"

"Hapana, Komanda. Ile ni ubongo."

"Unajua namna gani?"

Kabla sijajibu, Masika akaonyesha kidole chake mwenyewe kwenye kioo. "Tazama. Kuna ncha moja, na nyuma yake mulima ya polepole. Iko kushoto tu." (Alikuwa ameniuliza wakati namfunga nyaya, nami nilimweleza.) "Ni ile ndiyo inaniangushaka. Si shetani, si mate yangu. Ni fasi moja kidogo hivi."

Komanda alinyooka. Akamwangalia, akaiangalia groupe inayonguruma nje ya dirisha, akavuta pumzi ya mtu anayeagana na kitu alichokipenda. "Ibaki," akasema. "Groupe ibaki hapa." Na makofi yaliyopigwa, ndugu zangu, yalitikisa mabati, na sokoni, waliokuwa wanasikiliza ile haut-parleur ya juu ya paa, walipiga pia, na safari hii hakuna aliyekimbia.

Dawa mpya ilipatikana Beni tu. Nikapanda juu ya camion, lori la magunia, nikifikiri angalau huko hakuna anayenijua, na kwenye barrière ya kwanza, kizuizi cha barabarani, mwanajeshi akanitazama usoni, akacheka. "Si ni weye ule wa karanga?" Habari ilikuwa imenitangulia kwa barabara nzima. Akanipitisha bure.

Nikachukua dawa, kisha nikaenda Bungulu. Papa Paluku alikuwa nyuma ya meza ya duka lake, na Katungu alikuwa amesimama mlangoni kwa ndani, sikio lote huku. Nilikuwa nimeandaa karatasi zangu zote za kuonyesha kwamba sina kifafa. Sikuzitoa.

"Papa," nikasema, "mimi sina kifafa. Mais kama ningekuwa nayo, ningekuja hivihivi, ningewaambia, na ningemuomba Katungu."

Mzee alipanga vibiriti vyake kwanza, kimoja juu ya kingine. "Ile ndiyo neno nilikuwa nangojea," akasema. "Katungu, muletee bwana yako kiti."

Bwana yako! Alisema hivyo, nilisikia kwa masikio yangu, na Katungu alileta kiti akicheka kiasi kwamba alikigonga mlangoni mara mbili.

Masika alianza dawa mpya polepole, ya zamani ikapunguzwa polepole, Dokta akimfuata siku kwa siku. Usingizi ule wa mchana ukamtoka kwanza. Halafu majuma yakapita bila kuanguka, tukawa hatusemi kitu kwa kuogopa, halafu miezi. Alipanda maharagwe nyuma ya kituo na akayavuna yeye mwenyewe, akikaa karibu na moto na kisu kama kila mama. Ndipo akaomba karatasi yake mpya na barua ya Dokta, akaondoka kwa miguu kwenda Manguredjipa.

Siku ya kumi nilikuwa kwenye kiti changu ninachomea waya uliokatika, nikasikia wagonjwa nje wanapiga vigelegele. Alikuwa Masika, matope mpaka magotini, na mgongoni, ndani ya kitenge, mtoto wa kike amelala mdomo wazi. Hakuniambia hadithi ya safari. Alisema tu, "Wasingya," ile asante ya kwetu ya Kinande, halafu, "Sasa unipe kazi. Batu wakifungwa nyaya, mutu fulani abaelezee kwanza." Na tangu siku ile mpaka vita vilipokwisha, na baada ya hapo, kazi hiyo ilikuwa yake, na aliifanya vizuri kuliko mimi.

Mimi nimeweka kiapo, na Katungu ndiye shahidi. Kuhusu karanga, sili kitu chochote nikiwa na waya kichwani, hilo ni rahisi. Lingine ni gumu zaidi: kila nikisikia ulimi wangu unaanza kusema "mimi siko kama…", ninaufunga mdomo hapohapo, hata kama nina haki, hata kama wananishika miguu na kichwa na kijiko kiko njiani.